Hewa ya Namba Mbili

Jumatatu, Machi 3

Leo mvua imeanza, na leo nimeletewa mtungi. Muuguzi wa zahanati amenipa daftari hili, akasema niandike kila siku ninavyojisikia, eti litamsaidia daktari. Daktari mwenyewe alinipima kifua huku akiongea na simu. Nitaandika, lakini si kwa ajili yake. Nitaandika kwa sababu nyumba hii haina mtu mwenye akili timamu wa kuongea naye.

Kwa atakayesoma: mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi ya miaka arobaini na mmoja. Mtaani waliniita Fundi Cheche. Nusu ya mageti ya mji huu nimeyaunga kwa mikono hii, na sijasikia hata moja lililoachia. Moshi wa vyuma ukisaidiwa na sigara za ujanani ndio ulionila mapafu. Nina miaka sabini na mitatu. Nikitoka kitandani kwenda chooni napumzika mara mbili njiani, miguu imevimba, na moyo unagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Daktari anasema oksijeni ikipungua mwilini moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu, na wangu umechoka kusukuma.

Basi ndiyo sababu ya mtungi. Ni oksijeni ile ile niliyofanya nayo kazi maisha yangu yote, ila huu wameupaka rangi nyingine na kuutia mpira mwembamba unaoingia puani. Muuguzi, binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso, alinionyesha koki akaniambia kuwa hii inaitwa koki. Nilimtazama tu. Akasema namba mbili, muda wa saa kumi na sita kila siku, isipande wala isishuke. Mke wa mwanangu alisimama mlangoni akiitikia kwa kichwa kila neno, kana kwamba anaelewa.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Chai ilikuwa baridi.

Ijumaa, Machi 7

Muuguzi amerudi kuangalia kama bado niko hai. Alinibana kidole kwa kile kidude chao cha kupimia oksijeni ya damu, kikaonyesha themanini na tisa. Nikamwuliza nani katika nyumba ya heshima anafurahia themanini na tisa wakati mia ipo. Jirani yangu alipimwa akapata tisini na nane, na yule hajawahi kufaulu kitu kingine chochote. Muuguzi akasema, "Wewe mzee wangu, kuanzia themanini na nane hadi tisini na mbili zinakutosha. Usitamani za watu." Kanipa kidude kingine cha kubaki nacho nyumbani, kama mtoto anavyopewa kipande cha chaki atulie.

Watu wa humu ndani ni wawili, na wote hawatoshi mmoja. Mwanangu ni mtunza bohari. Nilimfundisha kuchomelea akiwa kijana, akaogopa cheche, akaenda kuhesabu magunia ya watu wengine. Akiingia chumbani kwangu ananiuliza, "Baba, unaendeleaje?" halafu anaondoka kabla sijavuta pumzi ya kujibu. Mkewe yuko humu mwaka wa nne. Huyu nimempa jina la Kobe, moyoni mwangu tu. Akiosha kikombe kimoja, fundi mzuri angekuwa ameshamaliza dirisha. Leo alimwuliza Muuguzi maswali kumi na moja. Niliyahesabu. Binti wa watu akajibu yote, na Kobe akasimama pale akitafuna kila jibu.

Jumatatu, Machi 10

Mleta mitungi huja Jumatatu na Alhamisi. Anauburuta mtungi sakafuni kama ng'ombe aliyekufa, hajui kuuinamisha na kuuzungusha kwa kitako chake. Nilimwelekeza kutoka kitandani. Akasema ahsante babu, akaendelea kuburuta.

Alhamisi, Machi 13

Jirani amekuja kuniona. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Aliingia na sigara inawaka mkononi, hatua mbili kutoka kwenye mtungi. Nilimtoa kwa maneno ambayo sitayaandika. Aliizima, akarudi, akakaa saa nzima. Maneno yake mengi ni upepo, lakini moja limenibakia. Alisema, "Hao wanakupimia hewa kama dawa ya matone. Wangekufungulia vizuri ungekuwa unatembea."

Mjinga naye huokota kitu siku moja.

Jumapili, Machi 16

Nimelifikiria jambo hili siku tatu. Ukiwasha moto wa gesi, kwanza hutoka ulimi wa njano wenye masizi, usioweza kuyeyusha hata msumari. Fundi haitishi kikao. Anafungua oksijeni kidogo kidogo mpaka ulimi unakuwa wa buluu, mfupi, mkali. Mimi sasa hivi ni moto wa njano. Kulijua hilo hakuhitaji miwani mikubwa.

Saa nne asubuhi, Kobe akiwa uani anaanua nguo zilizokwisha kulowa, nimefungua koki hadi tatu. Baada ya robo saa kidude kimesema tisini na tatu. Nimecheka peke yangu.

Jumatatu, Machi 17

Nimefika mlango wa uani kwa miguu yangu, bila kushika ukuta. Tatu.

Alhamisi, Machi 20

Nne. Tisini na sita. Bado mbili tu nimfikie Redio.

Ijumaa, Machi 21

Nilirudisha koki kwenye mbili nusu saa kabla Muuguzi hajafika, nikavua mpira kidogo ili namba ishuke. Alipima, akapata tisini na moja, akafurahi. "Umeona mzee, mbili yako inakufaa." Nilimwonea huruma. Wamemsomesha miaka mingapi sijui, na mzee wa karakana anamchezea kama karata.

Jumatatu, Machi 24

Kuna jambo. Asubuhi zote hizi nimeikuta koki kwenye mbili, nikadhani niliirudisha mwenyewe kabla ya kulala. Jana jioni nilisinzia nikiwa nimeiacha koki kwenye nne. Ninakumbuka vizuri, mimi si mtu wa kusahau koki. Nimeamka iko kwenye mbili, na kichwa kinauma kama kimepigwa nyundo.

Jumanne, Machi 25

Tena. Nne jioni, mbili asubuhi. Kichwa tena.

Anayeingia chumbani mwangu nikilala ni mmoja tu. Mwanangu akifika kazini na kurudi, kwake ni kula na kulala. Basi ni Kobe. Mtu ninayekaa naye chini ya paa moja, anayenipikia na kunifulia, ananipunguzia pumzi nikiwa nimefumba macho. Na kila nikinyimwa hewa, asubuhi kichwa kinanipasuka. Ushahidi gani tena? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangemwona huyu wangesema ki jikoni.

Sijui anataka nini. Labda chumba. Chumba changu kina madirisha mawili.

Alhamisi, Machi 27

Mtungi umeisha jana jioni, kabla mwenzake hajaletwa. Tukatumia ule mdogo wa akiba. Mleta mitungi amekuna kichwa akasema mtungi huu kwa namba mbili hufika siku nne, labda kuna anayeacha koki wazi. Mwanangu akamgeukia mkewe, akamwuliza kama huwa anafunga vizuri nikivua mpira. Alimwuliza kwa ukali mbele ya mgeni. Kobe akatazama sakafu, akasema atakuwa mwangalifu zaidi.

Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikaendelea kunywa.

Jumamosi, Machi 29

Kobe naye anaandika. Nimemwona kupitia mlango wa jikoni, ana daftari la shule lenye jalada la kijani, ameliegemeza juu ya ndoo, ulimi umetoka pembeni kwa bidii. Andiko lenyewe ni mstari mmoja, kisha akalificha nyuma ya kopo la chumvi. Anamwandikia mama yake habari zangu, bila shaka. Kwa mwendo wake barua itafika nimeshazikwa.

Jumatano, Aprili 2

Mvua siku ya tisa mfululizo. Ukuta umeota ukungu. Nimelala mchana kutwa. Nne na nusu.

Ijumaa, Aprili 4

Muuguzi leo alikuwa na udadisi. Akauliza kama nalala sana mchana. Nikasema hapana. Kichwa kinauma asubuhi? Nikasema hapana. Akaniambia ninyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama ninayezuia mlango. Viganja vikawa vinaangukaanguka vyenyewe. Nikamwambia ni baridi. Hakucheka. Alisema anataka nipelekwe hospitali kupimwa damu, nikamwambia wiki ijayo mvua ikipungua. Akaniangalia kupitia ile miwani yake, kisha akamtazama Kobe, na Kobe akafungua mdomo. Nikakohoa. Akaufunga.

Nilijua anataka kusema nini. Angejitetea kabla hajashtakiwa.

Jumatatu, Aprili 7

Asubuhi koki iko mbili. Nimeipandisha hadi tano. Tutaona nani atachoka.

Jumatano, Aprili 9

Nimelala. Nimeamka nikamwita marehemu mke wangu alete maji. Kobe ndiye aliyeyaleta. Geti la hospitali bado halijamalizika na mwenye nalo anakuja kesho. Nani amechukua miwani yangu ya kuchomelea. Nimeitafuta chini ya mto. Mitungi haikai karibu na kitanda, mara ngapi nimesema.

Alhamisi, Aprili 10

Nimesoma ya jana. Mwandiko si wangu ila ni wangu. Huko ndiko mtu anakofikishwa kwa kunyimwa hewa. Mtungi umeisha mapema tena. Leo mwanangu hakumwuliza mkewe kitu. Alimtazama tu, na kutazama kule kulikuwa kubaya zaidi.

Jumamosi, Aprili 12

Nimelisema. Siwezi kuendelea kuwa mstaarabu mpaka nife.

Mwanangu alikuwa nyumbani. Nikamwita, nikamwita na mkewe, wakasimama miguuni pa kitanda. Nikamwambia mwanangu kwamba mkewe anachezea koki yangu nikilala. Sikusema zaidi ya hapo. Sikusema iko namba ngapi anapoikuta. Nilijiambia kwamba sisemi uongo, na kweli sikusema.

Mwanangu akamgeukia. "Unagusa koki ya baba?"

Nilitegemea atakana, au atalia. Alichukua muda wake wa kawaida, ule wa kunichosha.

"Ndiyo," akasema. "Naigusa."

"Unaigusa kufanya nini?"

Akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aanze kusema ili naye apate pa kushika. Mimi nikageukia dirishani. Akasema, "Nimesema naigusa. Sina jingine."

Sijapata kumwona mtunza bohari akiwa na ghadhabu, haimkai vizuri, ni kama koti la kuazima. Alimwambia afungashe, kesho aende kwa mama yake mpaka atakapoitwa, na kama hataitwa akae huko huko. Yule mwanamke akasema, "Sawa." Kisha akaniuliza kama chai yangu aiweke sukari moja au mbili.

Nimeshinda. Nimelala vizuri baada ya hapo.

Jumapili, Aprili 13

Ameondoka saa tatu, begi kichwani, mvua inanyesha. Mwanangu hakumsindikiza hata mlangoni. Nyumba imetulia. Hakuna wa kunipimia pumzi tena, nimefungua mpaka sita. Tisini na tisa. Redio ana tisini na nane. Mwite aje aone. Mwite aje. Moto ni wa buluu sasa, buluu kabisa, hausemi, leteni chuma

Jumamosi, Aprili 19

Hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Wa kushoto anakoroma, wa kulia anasimulia upasuaji wake kwa kila anayepita, hata mfagiaji. Chakula chao hakina chumvi wala aibu. Nimepata nguvu ya kushika kalamu leo, na yaliyonipata siyakumbuki, nimeyakusanya kwa wengine. Mengi nimeyatoa kwa Redio, aliyekuja jana, na kwa mara ya kwanza sikutaka anyamaze.

Siku ile saa kumi jioni Redio alikuwa kibarazani kwake. Akamwona mke wa mwanangu anarudi kwa miguu kutoka upande wa stendi, begi kichwani, amelowa chapachapa. Akamwuliza amesahau nini. Akamjibu kwamba saa yake ya koki imefika na hakuna wa kuitazama. Basi la kwao huondoka jioni, na alikuwa ameshakaa ndani. Aliteremka.

Alinikuta nimeegemea ukutani, uso umeiva kwa wekundu, nakoroma, na hata alipoita na kunitikisa sikuamka. Koki ilikuwa kwenye sita. Akairudisha mbili. Akaniinua nikae, akanisukumia mito mgongoni, akampigia Muuguzi simu. Mwanangu, aliyekuwa jikoni akipigana na jiko, akaja mbio aliposikia. Akaona baba yake hajitambui na koki iko mbili. Akaruka kuifungua yote.

Hapo ndipo Redio aliposikia kelele akaingia. Anasema mke wa mwanangu alikuwa ameukumbatia mtungi, kiganja juu ya koki, na mwanangu anamvuta mkono akipiga kelele kwamba anamuua baba yake. Yule mwanamke anayechukua nusu saa kuosha kikombe alikuwa amejibana pale kama kucha kwenye kidole.

"Nipige ukitaka," alimwambia mumewe. "Siachii. Ukiongeza, haamki tena."

Redio alikwenda kuleta gari. Mpaka gari linafika hakuachia.

Hapa walinifunga barakoa inayopuliza, siku mbili usiku na mchana, mpaka nikarudi. Mwanangu alipomwuliza daktari, daktari akamwambia kwamba baba yake amepewa oksijeni kupita kiasi kwa muda mrefu. Mwanangu akaunganisha anavyojua yeye. Mkewe alikiri mwenyewe kwamba anagusa koki. Basi ni yeye aliyekuwa anaizidisha. Akamwambia palepale kwenye korido asikanyage tena nyumbani. Ameenda kwa mama yake, na safari hii hakurudi.

Haya alinisimulia mwanangu mwenyewe, ameshika kingo ya kitanda, ananiomba radhi kwa kuoa vibaya. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Hilo bado naliweza.

Jumapili, Aprili 20

Muuguzi amekuja kunitazama, siku yake ya mapumziko. Alileta lile daftari la jalada la kijani, akaliweka juu ya shuka, akakaa.

Alipewa na mke wa mwanangu siku niliyoletwa, ili daktari ajue nimevuta kiasi gani. Nimelisoma. Si barua. Ni mistari, inaanza Machi 17, mwandiko wa duara wa mtu aliyeacha shule mapema. Jioni, nimekuta 3, nimerudisha 2. Jioni, nimekuta 4, nimerudisha 2. Siku moja baada ya nyingine, kurasa tatu na nusu, saa na dakika, hajaruka hata siku aliyokuwa na homa. Aprili 12 ameandika kama kawaida, nimekuta 5, nimerudisha 2. Ni siku niliyomshtaki. Baada ya kuambiwa afungashe, aliingia akaniwekea hewa yangu sawasawa. Mstari wa mwisho ni wa Aprili 13, saa kumi na dakika ishirini jioni, nimekuta 6.

Muuguzi alinieleza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko ukali. Alisema mapafu yangu yana shida ya kutoa hewa chafu. Oksijeni ikiwa ndogo moyo unataabika, ikiwa nyingi hewa chafu inarundikana ndani, inapanda kichwani, inaleta usingizi na maumivu ya asubuhi, na mwishowe mtu anasahau kuvuta pumzi. Mbili ilikuwa kipimo changu kati ya mashimo hayo mawili. Kichwa hakikuwa kinauma kwa sababu ya kupunguziwa. Kilikuwa kinauma kwa saa nilizokuwa nimejizidishia kabla hajaja kunipunguzia.

"Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi," akasema. "Akaniambia, ningemsemaje baba mkwe wangu? Mzee wa watu, akaumbuke mbele ya mwanawe? Alidhani akiirudisha kila siku itatosha." Akavua miwani akaifuta. Bila miwani ana macho ya mtu aliyechoka. "Heshima yenu nusura iwazikie mtu. Yeye nimeshamgombeza. Wewe ni mtu mzima, sikugombezi. Mwanao nakuachia umwambie mwenyewe. Ukitoka hapa nakupa siku mbili, ukishindwa nitamwambia mimi."

Kila mwanafunzi niliyemfundisha alisikia jambo hili wiki ya kwanza. Ukizidisha oksijeni, moto unapiga mluzi, unakuwa mzuri wa kutazama, na chuma hakiungani. Kinaungua. Ukiangalia juu unaona mshono, ukigonga unapukutika. Wanafunzi wawili niliwafukuza karakana kwa kosa hilo, wa pili nikamrushia koleo.

Nimemdharau daktari kwa simu yake, Muuguzi kwa miwani yake, mwanangu kwa magunia na mleta mitungi kwa kuburuta. Mwaka wa nne namdharau mwanamke kwa mwendo wake. Mjinga mkubwa kuliko wote alikuwa kitandani, na bomba puani.

Jumatano, Aprili 23

Nimerudi nyumbani. Mwanangu ndiye anayepika. Sitaeleza.

Leo nilitaka kusema mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na haraka. Mara ya pili nikajiambia ale kwanza. Mara ya tatu hakukuwa na sababu, niliogopa tu. Nimeungua macho kwa mwanga wa gesi, nimeangukiwa na geti la pande mbili, na sasa naogopa uso wa mtunza bohari.

Alhamisi, Aprili 24

Nimesema.

Nilimwita jioni, nikamwambia akae, si asimame. Nilimpa daftari la kijani. Alilisoma kwa kidole kama anavyosoma orodha za bohari, na hiyo ndiyo kazi anayoijua, kuona kilichoingia na kilichotoka. Alipofika ukurasa wa pili akarudi mwanzo.

"Nani alikuwa anaipandisha?" akauliza. Alishajua. Alitaka nimwambie mimi.

"Mimi," nikasema. "Tangu siku ya kwanza. Mkeo alikuwa ananirudisha, nami nikamshtaki kwako. Nilijua anairudisha. Nilinyamaza kwa sababu ningejitaja."

Nilingoja anitukane, ningelipokea tusi kama ahsante. Akasema, "Nilimvuta mkono, baba. Nilimwacha na alama hapa," akajishika juu ya kiwiko. Halafu akalia, mtu mzima wa miaka arobaini, mbele yangu. Sikumwambia anyamaze. Nilimshika kichwa, kitu ambacho sijakifanya tangu alipokimbia cheche.

Jumamosi, Aprili 26

Mwanangu alikwenda jana kumchukua, akarudi peke yake. Mama mtu amesema binti yake hatoki kwa maneno ya kuletewa. Aliyemtia doa aje kulifuta mwenyewe. Ana haki, na ananichosha kwa kuwa nayo.

Jumatatu, Aprili 28

Nimekwenda. Redio aliendesha, mwanangu akiwa nyuma, mtungi mdogo tukauweka kati ya miguu yangu, koki kwenye mbili. Geti la nyumba ile limeungwa na mtu anayestahili kufungwa jela, mishono yote imeungua. Sikusema kitu. Kutoka getini hadi sebuleni ni hatua ishirini na tatu, nikapumzika mara nne, na wote wakaningoja.

Nilimwambia mke wa mwanangu mbele ya mama yake, mumewe na Redio, ambaye ni sawa na kuutangazia mji mzima. Nikasema, "Mama, nilikusingizia. Wewe ulikuwa unaniokoa, nami nikakufukuzisha. Nakuomba radhi."

Mama yake alitaka niseme na namba. Nikazisema, tatu, nne, tano, sita.

Mke wa mwanangu alichukua muda wake. Nikavuta hewa, nikaitoa, nikavuta tena, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba anachelewa. Kisha akainama, akatazama koki ya mtungi mdogo, akaigusa kuhakikisha.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Ila koki sasa nitaigusa ukiwa macho."

Mumewe alimwambia yake uani, wawili peke yao. Sikusikia na sikutakiwa kusikia. Amerudi nasi, amekaa kiti cha nyuma na begi lake magotini.

Jumapili, Mei 4

Jua limetoka siku ya pili. Ukungu wa ukutani umeanza kukauka. Kidude kimesema tisini, na Redio aliyekuja kunicheka nimemfukuza. Miguu imepungua uvimbe. Chai ilikuwa baridi tena, kwa sababu mwenye kuileta alipita kwanza kwenye koki. Nimeinywa.

Jioni amekuja na daftari lake la kijani. Nikamwomba kalamu, nikaandika mstari wa leo kwa mkono wangu, naye akausoma kabla ya kulifunga: nimekuta 2, nimeacha 2.